Magazeti ya Tanganyika na Mwandishi wa Historia Yake

Atakaye kuandika kitabu cha elimu juu ya kazi ya uandishi wa habari katika Tanganyika hana budi kuanza na swali moja: gazeti lilikuwa mali ya nani? Maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Msimulizi, lililoanza kutolewa Unguja mwaka wa 1888, lilikuwa la misheni ya UMCA. Mwandishi wake alikuwa mtoto wa misheni. Mambo Leo, la mwaka wa 1923, lilikuwa la serikali ya Waingereza. Lilisomwa na wengi, na mashairi yake yalipendwa sana, lakini mwenye kuilaumu serikali hakupata nafasi humo kwa urahisi. Ndipo mwaka wa 1937 Erica Fiah, Mganda aliyekaa Dar es Salaam, akaanzisha Kwetu, gazeti lililomilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika mwenyewe. Na Uhuru lilipotokea mwaka wa 1961, mwandishi alikuwa mtu wa chama cha TANU.

Basi, katika miaka 73 kazi hiyo ilibadilika mara tatu, na kila mara bwana alikuwa mwingine. Mtafiti atakayetegemea Mambo Leo peke yake ataandika habari za nchi tulivu. Atakayetegemea Kwetu peke yake ataandika habari za malalamiko tu. Ukweli hupatikana kwa kuyaweka yote mawili mezani, ukurasa kwa ukurasa, mwaka kwa mwaka, na kuuliza lile lililonyamaziwa.