Jicho la mtepe

Jicho lenyewe halizidi punje ya dengu. Nimelichonga mara tatu kwa wembe na msasa, barazani kwa fundi wangu, Mji wa Kale. Mara mbili likapasuka. La tatu fundi alilishika kwa ncha ya kidole, akacheka: "Mwanangu, jicho hili lasinzia!"

Ni la mfano wa mtepe, urefu wake hauzidi mkono wangu. Mitepe yenyewe ilishonwa kwa kamba za nazi, bila misumari, ikatwekwa tanga la mkeka. Omo ilinyooka mbele kama shingo ya ngamia, na pande zote mbili palikuwa na jicho la duara. Katika karne ya 20 ilitoweka pwani yetu, na hakuna hata mmoja wa asili uliosalia. Tunaijua kwa picha chache, maandishi ya wageni, na mifano midogo kama huu. Yaani kazi ya wachongaji ndiyo ushahidi. Hapo ndipo mikono hunitetemeka.

Mteja wetu ameona mashua za Malta kwenye intaneti. Anataka macho ya vile, yenye nyusi. Ati yanapendeza zaidi. Pesa ni nzuri, na kodi yangu imechelewa.

"Tukimpa hayo," fundi akasema, "miaka hamsini baadaye mtu ataandika kwamba mitepe ilikuwa na nyusi."

Jana nilirudisha arbuni. Jicho la nne naanza leo, baada ya alasiri.