Sikukuu Iliyotolewa kwa Ajili ya Wazee

Tunapozungumza juu ya wazee huanza na amri ya nne: waheshimu baba na mama. Ni mwanzo mwema. Lakini historia hutuuliza jambo jingine: heshima hiyo hugharimu nini, na ni nani anayeilipa? Ujerumani ililijibu swali hilo kwa sheria, na jibu lake lastahili kutafakariwa.

Wajerumani walianza mapema kujenga bima za jamii. Mwaka 1883, wakati wa kansela Bismarck, walitunga bima ya ugonjwa. Mwaka 1884 bima ya ajali za kazini. Mwaka 1889 bima ya ulemavu na uzee. Na mwaka 1927 bima ya ukosefu wa kazi. Pengo moja likabaki kwa muda mrefu. Mzee aliyevunjika mguu alitibiwa kwa bima ya ugonjwa. Mzee ambaye hakuwa na ugonjwa wa kuponywa, bali alishindwa tu kuoga, kuvaa na kula peke yake, aliachiwa jamaa zake.

Alipoingia katika nyumba ya wazee, mara nyingi pensheni yake haikutosha. Akiba yake ililiwa kwanza, kisha akapewa msaada wa serikali uliowekwa kwa ajili ya maskini, na watoto wake waliweza kudaiwa sehemu ya gharama. Hivyo mtu aliyefanya kazi miaka arobaini alimaliza siku zake akipokea fedha kidogo za mfukoni, kama fukara. Mwaka 1974 shirika la Kuratorium Deutsche Altershilfe lilitoa taarifa iliyoiweka wazi hali hiyo. Majadiliano yakadumu miaka ishirini.

Aliyelifikisha jambo hilo mwisho ni Norbert Blüm, waziri wa kazi tangu 1982 hadi 1998, Mkatoliki aliyekuwa fundi wa vyuma katika kiwanda cha Opel huko Rüsselsheim kabla ya kusoma chuo kikuu. Ubishi mkubwa ulihusu malipo. Mchango ulipaswa kugawanywa nusu kwa nusu kati ya mfanyakazi na mwajiri, na waajiri walitaka fidia. Ikaamuliwa kwamba sikukuu moja yenye malipo iondolewe, ili wafanyakazi waifanye kazi siku hiyo. Iliyochaguliwa ilikuwa Siku ya Toba na Sala, inayoadhimishwa na Waprotestanti Jumatano moja ya Novemba. Majimbo yote yaliiondoa isipokuwa Sachsen. Huko sikukuu imebaki, na wafanyakazi hulipa sehemu kubwa kuliko waajiri wao hadi leo.

Tusipite hapa haraka. Kanisa la Kiprotestanti lilipinga, na tunaelewa uchungu wa ndugu zetu, kwa maana taifa linahitaji pia siku ya kunyamaza mbele ya Mungu. Hata hivyo hapa gharama ilitajwa hadharani. Kila mfanyakazi aliyekwenda kazini Jumatano ile aliweza kujua anafanya kazi kwa ajili ya nani.

Sheria ilianza tarehe 1 Januari 1995. Mchango ulikuwa asilimia 1 ya mshahara. Matunzo ya nyumbani yalianza kulipiwa mwezi Aprili mwaka huo. Yale ya nyumba za wazee mwezi Julai 1996, mchango ulipopanda kufikia asilimia 1.7. Tangu Januari 2025 ni asilimia 3.6. Jamaa waliomtunza mgonjwa wao nyumbani waliweza kupokea marki 400, 800 au 1300 kwa mwezi, kadiri ya udhaifu wake. Tena bima ilimlipia mtunzaji michango ya pensheni. Watunzaji hao kwa sehemu kubwa walikuwa wake, mabinti na wakwe. Shughuli iliyodhaniwa kuwa wajibu wa kimya wa wanawake ikahesabiwa kuwa kazi.

Lakini bima hiyo haikuahidi kulipa yote. Inalipia mikono inayotunza. Paa na chakula vinabaki juu ya mzee mwenyewe. Mpaka huo unaonekana vema katika makao ya wazee yenye msaada. Humo mzee hupanga chumba au nyumba ndogo, hulipa ada ya mwezi kwa ajili ya kengele ya dharura na mhudumu wa kumwangalia, na wauguzi humjia kadiri anavyohitaji. Mbele ya sheria mzee huyo yuko nyumbani kwake: bima humlipia matunzo, bali kodi ya nyumba na ada ni zake. Sheria ya mwaka 2012 iliongeza euro 200 kwa mwezi kwa kila mtu mwenye kuhitaji matunzo anayeishi na wenzake katika kikundi, ili wamlipe msaidizi wao wa pamoja. Hata hivyo mwenye pensheni ndogo aweza kusimama nje ya mlango. Na katika nyumba za wazee gharama zimepanda hata wengi wakarudi kuomba ule msaada wa maskini ambao sheria ilikusudia kuwaepusha nao.

Kwetu Kongo wazee wengi hawakupata kamwe mshahara ambao mchango ungekatwa humo. Sheria ya Wajerumani haiwezi kuhamishwa ilivyo. Hata hivyo sisi pia tunachanga: kwa ajili ya hospitali, kwa ajili ya mazishi. Je, katika michango hiyo tumemhesabu binti aliyeacha meza yake sokoni ili amwogeshe na kumlisha mama mkwe, ambaye daktari hana dawa ya kumpa na siku ya kumzika haijafika?