Tathmini ya usalama wa majengo baada ya maafa

Tathmini ya usalama wa majengo baada ya maafa ni ukaguzi wa haraka unaofanywa baada ya tetemeko la ardhi, mafuriko, dhoruba au mlipuko, ili kujua kama watu wanaweza kuingia au kubaki katika jengo. Hufanywa kwa macho, bila kupima zege wala kufukua msingi. Kwa kuwa wahandisi huwa hawatoshi siku za maafa, baadhi ya nchi hufundisha mapema maofisa na watu wa kujitolea.

Historia

Utaratibu unaoigwa zaidi ulitolewa mwaka 1989 huko California, Marekani, ukatumika mwaka huohuo baada ya tetemeko la Loma Prieta. Jengo hubandikwa karatasi ya kijani (limekaguliwa), ya njano (kuingia kwa masharti) au nyekundu (ni hatari).

Kijani kimewahi kueleweka vibaya. Mjini Christchurch, New Zealand, jengo la CTV lilipewa rangi hiyo baada ya tetemeko la Septemba 2010. Tarehe 22 Februari 2011 tetemeko lingine liliangusha jengo hilo na kuua watu 115. Lilikuwa na kasoro za usanifu, ambazo jicho la mkaguzi wa haraka halizioni. Baadaye nchi hiyo iliacha kijani na kutumia nyeupe. Kibandiko hueleza hali ya siku ya ukaguzi tu. Ardhi ikitikisika tena, kazi huanza upya.

Tanzania

Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu maelfu ya nyumba, na shule za sekondari Ihungo na Nyakato zikafungwa. Mkoani Shinyanga, mvua ya mawe na upepo wa Machi 2015 huko Mwakata, wilaya ya Kahama, iliua watu wasiopungua 38, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba za udongo zilizobomoka.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Mtendaji wa kijiji, fundi ujenzi na mwalimu mkuu ndio hufika kwanza, hivyo ndio wanaofaa kufundishwa.

Mambo ya kukagua

Fomu za kigeni huuliza zaidi kuhusu nguzo na boriti za zege. Nyumba ya matofali mabichi huanza kufa chini. Maji yakilowesha kitako cha ukuta, udongo hupoteza nguvu, na ukuta unaweza kuanguka siku kadhaa baada ya mvua kukatika, wakati wenyewe wamekwisha kurudi ndani. Mkaguzi huzunguka nje kwanza, hupima wima wa kuta kwa timazi, kisha hutazama kona, lenta na kenchi. Asiye mhandisi anaweza kuzuia watu wasiingie. Kuthibitisha uimara wa jengo si kazi yake.

Katika maeneo ya migodi ya Geita, wakazi wamelalamikia kwa miaka mingi nyufa wanazosema zimeletwa na ulipuaji wa miamba. Ufa wa zamani huwa na vumbi, utando wa buibui au rangi ndani yake. Mpya una kingo kali na safi. Ncha zake huwekewa alama ya penseli na tarehe. Ufa ukivuka alama, nyumba bado inasogea.