AC ya dukani nayo iko chini ya sheria: mkaguzi anaangalia nini?

Kuanzia Sinza na Mwenge mpaka Mbagala Rangi Tatu, fremu nyingi za vioo zina boksi la AC ukutani, linadondosha maji barabarani. Mwenye biashara anakumbuka leseni na mashine ya EFD. AC anaikumbuka ikiacha kupoza.

Kumbe nayo ina sheria zake.

Uingereza ina utaratibu maalumu: mfumo wa AC unaozidi kilowati 12 lazima ukaguliwe angalau kila baada ya miaka 5. Tanzania imeenda njia nyingine. Hapa AC inaangaliwa kama sehemu ya usalama wa mahali pa kazi, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Msimamizi wake ni OSHA.

Nani anahusika?

Si viwanda tu. Saluni, zahanati, duka la simu, ofisi ya uwakala, vyote ni sehemu za kazi. Sheria inataka sehemu ya kazi isajiliwe OSHA kabla ya kuanza shughuli, na siku hizi usajili unafanyika mtandaoni kupitia mfumo wa WIMS.

Mkaguzi ana mamlaka ya kuingia, kuuliza maswali na kutazama nyaraka. Akikuta kasoro anaweza kutoa notisi ya kurekebisha ndani ya muda fulani. Hatari ikiwa kubwa, anaweza kuzuia kazi isiendelee.

Tatizo kubwa ni umeme

Watu wengi wakisikia ukaguzi wa AC wanafikiria ubaridi. Hewa ni kweli inaangaliwa, maana sheria inataka chumba cha kazi kiwe na hewa ya kutosha, na AC za kawaida za ukutani haziingizi hewa mpya. Zinazungusha ileile iliyomo ndani. Chumba kidogo chenye watu kumi na madirisha yaliyofungwa kutwa kinaweza kuwa baridi na bado kikawa na hewa mbaya.

Lakini kinachounguza majengo ni waya. AC inavuta umeme mwingi na kwa muda mrefu, hivyo inahitaji laini yake na breka yake. Mtaani utakuta imechomekwa kwenye ekstensheni moja na friji na birika. Waya mwembamba unapata moto taratibu, plastiki inalainika, halafu siku moja usiku cheche inaruka. Ukaguzi wa umeme ni moja ya kaguzi za OSHA, na fundi anayefunga nyaya anatakiwa awe na leseni ya EWURA. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo hukagua majengo ya biashara na kutoa cheti cha usalama wa moto, chini ya sheria yake ya mwaka 2007. Dharura ya moto, namba ni 114.

Mwenye nyumba au mpangaji?

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia. Wajibu wa kulinda wafanyakazi ni wa mwajiri, yaani mpangaji mwenye biashara. Kusema "AC nimeikuta" hakumsaidii sana mbele ya mkaguzi. Bora mkataba wa pango utaje wazi nani analipia sevisi na nani anarekebisha nyaya, kabla kodi ya miezi sita haijalipwa.

Gesi nayo ina kesi yake

AC nyingi za zamani zinatumia R22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni na kuongeza joto duniani takribani mara 1,800 kuliko kiasi hichohicho cha hewa ya ukaa. Inadhibitiwa kwa kanuni zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Fundi anayefungua bomba na kuiachia gesi hewani ili aanze upya anafanya kosa hata kama bei yake ni nafuu. Fundi makini hutumia mashine ya kuivuta na kuihifadhi kwenye mtungi.

Kuna hatari mpya pia. R290 ni propani, ndugu wa gesi ya kupikia, na inawaka. Kuijaza kwenye AC iliyotengenezwa kwa R22 ni kuweka kitu cha kulipuka karibu na swichi. VETA Chang'ombe, pale Temeke, inafundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, kwa hiyo kumuuliza fundi alisomea wapi si dharau.

Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuachana na R22 ifikapo 2030, ukiacha kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo hadi 2040. Anayefikiria kununua AC ya mtumba asome kwanza kibandiko kilicho ubavuni mwa boksi la nje. Aina ya gesi imeandikwa hapo.