Maji ya bwawa yakigeuka kijani, pima klorini

MAJI ya bwawa la kuogelea nyumbani yakigeuka kijani, aghalabu mwani umeota kwa kuwa klorini imepungua. Ndivyo ilivyotokea kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, baada ya haidrojeni peroksidi kumiminwa bwawani na kuibatilisha klorini.

Kiwango kinachofaa ni miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH 7.2 hadi 7.8. Pima kila siku, kwani jua huimaliza klorini.

Mwani ukiota, sugua kuta, ongeza klorini jioni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na uwashe pampu usiku kucha. Asiogelee mtu hadi sakafu ionekane na vipimo virejee. Maji mazito huficha mtoto anayezama. Kamwe usichanganye klorini na tindikali: hutoa gesi ya sumu.