Goti la Bandia: Kisu Kinapopita na Mgonjwa Anavyopona

Leo tunaongea kuhusu magoti ya wazazi wetu: shosho anayepanda ngazi pale Umoja akishikilia ukuta, na mama wa mboga wa Kayole ambaye haamki kwenye stuli mpaka avutwe mkono.

Wengi mmeniuliza: "Sista, tumesikia kuna upasuaji wa kidonda kidogo, mtu anatembea upesi. Tungoje tuchange pesa za huo, ama tukubali ule wa kawaida?" Kabla sijajibu, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1890, mjini Berlin, Ujerumani, daktari Themistocles Gluck alitengeneza goti la pembe ya ndovu. Alilitumia kwa wagonjwa ambao magoti yao yaliliwa na kifua kikuu. Wazo lilikuwa zuri, lakini usaha ulilishinda. Mwaka 1951 Börje Walldius wa Sweden alileta goti lenye bawaba, kama ya mlango. Lilijikunja na kunyooka tu, ilhali goti la mtu huzunguka kidogo pia. Kwa hivyo bawaba zililegea. Ndipo mwaka 1974, mjini New York, John Insall na wenzake wakaanza kuweka goti linalofunika ncha za mifupa kwa chuma juu na plastiki chini. Magoti mengi ya leo ni wajukuu wa hilo.

Sasa, daktari anaingiaje? Njia ya zamani ilielezwa na Bernhard von Langenbeck wa Ujerumani katika karne ya 19. Ngozi hupasuliwa mbele ya goti, kisha kisu hupita kando ya pia ya goti, upande wa ndani, na kukata kano ya msuli mkubwa wa paja. Daktari huona goti lote vizuri. Ubaya ni kwamba msuli huo ndio unaoinua mguu, kwa hivyo siku za kwanza mgonjwa huona mguu ni mzito.

Mwaka 1991 Aaron Hofmann na wenzake huko Marekani waliifufua njia ya kupita chini ya msuli bila kukata kano yake. Mwaka 1997 Gerard Engh na wenzake wakaeleza njia ya kati, inayopasua nyuzi za msuli kidogo tu. Baadaye zikaja njia za kidonda kifupi.

Je, zilisaidia? Ndiyo, mwanzoni. Wagonjwa wengi wa njia zinazohifadhi msuli huinua mguu mapema, na maumivu hupungua kidogo katika siku na wiki za kwanza. Lakini baada ya miezi kadhaa, magoti hulingana. Tena, kwa mtu mnene au mwenye goti lililokakamaa sana, nafasi ndogo humfanya daktari ashindwe kuona vizuri. Goti likiwekwa kombo, udogo wa kovu hautakusaidia.

Basi jibu langu ni hili: usimwache mzazi ateseke mwaka mzima kwa kungojea kovu fupi. Mwulize daktari ametumia njia gani mara nyingi, na kwa nini anaichagua. Upasuaji huu unafanyika hapa kwetu, Kenyatta, Kikuyu na Kijabe. Ulizeni mapema pia SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, italipa kiasi gani.

Kazi kubwa inabaki nyumbani. Nilimtembelea mama mmoja ambaye upasuaji wake ulienda vizuri kabisa. Watoto wake, kwa upendo, walimlaza wiki tatu na mto chini ya goti. Nilipofika, goti halikunyooka wala kukunjika. Tulilia pamoja katika mazoezi, miezi mingi.

Kwa hivyo, mlezi, shika haya:

Mgonjwa asimame na kutembea kwa fremu au magongo siku ileile au kesho yake, kama daktari ameruhusu. Mpe dawa ya maumivu kwa wakati, ndipo mazoezi yawezekane. Kila siku akunje na kunyoosha goti. Mto usikae chini ya goti. Weka chini ya kifundo ili mguu unyooke. Mtafutie kiti kirefu, na choo cha kukalia, kwa maana kuchutama kutamsumbua. Ondoa mkeka unaoteleza.

Kidonda kikitoa usaha, kikiwa chekundu zaidi, au homa ikipanda, rudini hospitali siku hiyo. Kigimbi kikivimba na kuuma, usikikande. Huenda damu imeganda. Akikosa pumzi au kifua kikimbana, tafuteni gari mara moja, hata kama ni usiku.

Kazi nyepesi hurudi baada ya wiki sita hivi, lakini uvimbe unaweza kukaa miezi mingi. Msivunjike moyo. Daktari hulishughulikia goti kwa saa chache; wewe mlezi utakuwa nalo kila asubuhi.

Ni mimi muuguzi wenu wa jamii. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.