Redio ya Jamii katika Lugha za Wenyeji

Redio ya jamii ni kituo cha utangazaji ambacho milki yake, uendeshaji wake na maneno yatokayo humo ni ya watu wa mahali maalumu, si ya dola wala ya tajiri, na ambacho hakikuanzishwa kwa matlaba ya kuchuma faida. Maana hii imo katika Mkataba wa Afrika wa Utangazaji uliopitishwa Windhoek, Namibia, mwaka 2001, ambao uliigawa kazi ya utangazaji katika mafungu matatu, yaani la umma, la biashara na la jamii. Walakin maneno ya mkataba hayatoshi kumwonyesha msomaji kitu chenyewe. Kituo cha namna hii aghalabu ni chumba kimoja au viwili vilivyobandikwa trei za mayai ukutani ili kuua mwangwi, mlingoti wa chuma uani, mtambo wa wati mia chache, vijana wasiopata mshahara ila nauli, na sauti ambayo ikishapita kilomita 40 au 50, na pengine chini ya hapo ikiwa nchi ni ya vilima, hufifia na kupotea. Ufupi huo wa sauti, ambao mhandisi huuhesabu kuwa upungufu, ndio siri ya kazi yenyewe, kwa kuwa mtangazaji aliyekosea jina la dawa usiku atakutana asubuhi sokoni na watu waliomsikia, naye hana pa kujificha.

Lugha za Kiafrika zilisikika hewani kabla redio za jamii hazijafikiriwa. Mwaka 1941, katika siku za Vita Kuu ya Pili, Harry Franklin, afisa wa habari wa serikali ya Rhodesia ya Kaskazini, alianzisha mjini Lusaka kituo kilichonena Kibemba, Kinyanja na lugha nyinginezo za nchi ile. Na mwaka 1949 ikaingia madukani redio ya betri iliyokusudiwa wanunuzi Waafrika, bei yake pauni 5, ikapewa jina la sufuria kwa sababu ya umbo lake. Baada ya uhuru serikali mpya ziliirithi njia hiyo hiyo, na wakati mwingine ziliitumia kwa namna iliyostahili sifa. Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa Tanzania mwaka 1973, iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, redio katikati na kitabu mkononi, wakasikiliza na kujadiliana juu ya malaria, kuhara, kichocho na kifua kikuu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba zao. Kazi ile ilikuwa kubwa, na lau si Kiswahili kueleweka karibu nchi nzima isingewezekana. Hata hivyo sauti ilitoka Dar es Salaam, na yaliyosemwa na kikundi cha wanakijiji, hata yangekuwa na busara kiasi gani, hayakuwa na njia ya kurudi hewani yakasikiwa na kikundi kingine.

Mwezi wa Mei 1982 jambo jingine lilijaribiwa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Kwa msaada wa UNESCO, na kwa mtambo wa gharama ndogo, kituo kilifunguliwa kikawa kinasema Kijaluo, nacho huhesabiwa na wengi kuwa redio ya jamii ya kwanza katika bara la Afrika. Mwaka 1984 serikali ikakifunga. Zikapita takriban miaka ishirini hata Kenya ilipoanza tena kuona vituo vya namna hiyo, kikiwamo cha Mang'elete katika nchi ya Ukambani, kilichoanza kutangaza kwa Kikamba mwaka 2004, wenyewe wakiwa ni zaidi ya makundi 30 ya akina mama waliokwisha kuzoeana katika kazi za maji, mashamba na akiba kabla hawajawahi kugusa kipaza sauti. Sheria iliwafuata nyuma: utangazaji wa jamii ulitajwa waziwazi katika marekebisho ya mwaka 2009, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ikaifanya kuwa faradhi ya dola kuzikuza na kuzitumia lugha za wenyeji.

Kwingineko mlango ulifunguliwa na misukosuko ya siasa. Nchini Mali, Redio ya Vijijini ya Kayes ilianza mwaka 1988, lakini wingi wa vituo ulikuja baada ya Rais Moussa Traoré kuangushwa mwezi wa Machi 1991. Katika Ghana, Redio Ada ilianza mwaka 1998 kuwasemea Wadangme wa pwani, wavuvi na wavuna chumvi, ambao lugha yao haikuwa na nafasi ya maana katika utangazaji wa mji mkuu. Bukavu, mashariki ya Kongo, Redio Maendeleo iliyoasisiwa mwaka 1993 ilitangaza kwa Kiswahili, Kimashi na Kifaransa, na waasi walipoutawala mji huo waliifunga zaidi ya mara moja, jambo ambalo kwa namna yake ni ushahidi kwamba ilikuwa ikisikilizwa. Afrika Kusini ndiko kulikotoka mfano ulio karibu zaidi na maudhui ya makala hii, yaani kueleza afya na haki kwa lugha ya wenyeji. Katika kitongoji cha Khayelitsha, nje ya Cape Town, mwaka 1993 wahudumu wa afya wa mtaa na tabibu mmoja aliyefanya kazi pamoja nao walianza kutangaza kwa Kixhosa, bila ya leseni, kutoka katika kontena lililokuwa likitumika kama zahanati. Kituo kikaitwa Zibonele, maana yake jionee mwenyewe. Waliokuwa wakieleza habari za kuhara kwa watoto ndio hao hao waliowapokea watoto hao mlangoni, na mama aliyesikia maji ya chumvi na sukari yakitajwa hewani angeweza kwenda akaonyeshwa yanavyochanganywa.

Mintarafu ya lugha yenyewe, kosa la kwanza la wageni, na mara nyingi la wenyeji waliosoma, ni kudhani kwamba kazi imekwisha pindi ilani iliyoandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa ikishafasiriwa. Neno la maradhi halisafiri peke yake. Husafiri na nasaba yake yote, pamoja na sababu zinazodhaniwa, tiba zinazoaminiwa na aibu zinazolizunguka. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, maana Kiswahili chetu kinao. Katika pwani ya Tanzania, wataalamu waliofanya uchunguzi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliona kwamba wazazi walikuwa na magonjwa mawili pale ambapo matabibu walikuwa na moja. Malaria, au homa, ilikuwa maradhi ya kawaida yanayotibiwa kwa vidonge. Ama degedege, mtoto anapokakamaa na kupinduka macho, ilikuwa shani nyingine kabisa, iliyohusishwa na pepo na ndege wa usiku, na wengi waliamini kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Kwa hiyo tangazo lililosema, kwa Kiswahili fasaha kisicho na dosari, kwamba mtoto mwenye malaria akimbizwe hospitali, lilimpita mama yule bila ya kumgusa, kwani mwanawe hakuwa na malaria. Alikuwa na degedege, na wa kumwendea alikuwa mganga. Hakukosekana neno, lililokosekana ni mtu wa kuuliza neno hilo linamaanisha nini kwa yule anayelisikia.

Mfano wa pili umetoka Homa Bay kwenyewe, wilaya ambayo baadaye ilipata msiba mkubwa wa UKIMWI kuliko karibu pahala pote nchini Kenya, hata uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ukakuta karibu mtu mzima 1 katika kila 5 ana virusi. Wajaluo walikuwa tangu zamani na neno chira, lenye maana ya kukonda na kudhoofika kunakompata aliyevunja miiko ya ukoo. Mgonjwa aliyekonda akasemwa ana chira, na dawa ya chira ni kurekebisha mwiko, wala si kupimwa damu. Wenyeji hatimaye waliyapa maradhi mapya jina jipya, ayaki, lenye asili ya kitendo cha kupora na kunyakua. Na mtu aliye makini ataona kwamba jina hilo, ambalo halikutungwa na kamati yoyote, lilieleza hali ya kaya zilizoporwa wazazi kwa ukweli ulioishinda istilahi ya serikali. Mtangazaji wa redio ya jamii hana budi kusimama kati ya chira na ayaki. Akimdhihaki mzee anayeamini chira, amepoteza wasikilizaji wa umri wake wote. Akimnyamazia, amewaacha watu wafe. Walioifanya kazi hii vizuri walimwalika mzee yule kituoni, wakamketisha na muuguzi, wakawaacha waulizane.

Upande wa haki una uzito wake. Neno haki tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na mizigo miwili, uadilifu na stahili, na msikilizaji anayeambiwa juu ya haki ya mjane kurithi anaweza kudhani anaombwa amwonee huruma, ilhali sheria inasema kwamba ile ni mali yake. Kiganda husema eddembe, neno linaloeleza pia uhuru, amani na hata nafasi ya kupumzika, na Mama FM ya Kampala, iliyofunguliwa mwaka 2001 na chama cha waandishi wa habari wanawake wa Uganda, ilianza kazi yake katika bahari hiyo ya maana. Haki hazielezwi kwa kusoma vifungu. Huelezwa kwa kisa: ni nani aliyefukuzwa shambani baada ya mazishi, alikwenda kwa chifu gani, aliombwa karatasi gani, na karatasi ile hutolewa wapi na kwa ada ya kiasi gani. Na hapa ndipo hatari ilipo, kwa maana mtu akielezwa kunawa mikono hakuna anayekasirika, lakini akielezwa ardhi ni ya nani, yuko wa kukasirika. Mwezi wa Januari 2022 watu walikivamia kituo cha Redio Ada, wakawapiga watangazaji na kuharibu vyombo, baada ya kituo kuzungumza habari za machimbo ya chumvi ya Songor na mkataba uliohusu machimbo hayo.

Isidhaniwe kwamba lugha ya mama ina baraka kwa nafsi yake. Redio ya RTLM ya Rwanda, iliyoanza mwezi wa Julai 1993, ilinena Kinyarwanda kitamu, chenye mizaha na nyimbo, nayo ikachochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994; waanzilishi wake wawili walitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, katika hukumu ya Desemba 2003. Haikuwa redio ya jamii, ijapokuwa ilijifanya kusema kama jirani. Miaka mitano tu baada ya mauaji hayo, mwaka 1999, ulianza kwa lugha ile ile mchezo wa redio uitwao Urunana, yaani kushikana mikono, wenye visa vya kijijini vinavyozungumzia uzazi, mahaba ya vijana na maradhi ya zinaa, mambo ambayo mzazi wa Kinyarwanda angeona haya kuyataja mbele ya mwanawe. Watunzi wake waligundua kwamba yasemwayo na mhusika wa mchezo hayamwaibishi msikilizaji, maana si yeye aliyeyasema.

Juu ya riziki ya vituo hivi si mengi ya kueleza, na mengi ya hayo si ya kufurahisha. Fedha za nyumbani hutoka katika matangazo ya vifo, kadi za salamu na ada ndogo ya wenye harusi. Zilizo kubwa hutoka kwa wafadhili, nazo huja zimeshikiliwa na mradi, hata ukasikia kituo kikizungumza malaria asubuhi na jioni kwa miezi 18, kisha siku moja kikanyamaza juu ya malaria kana kwamba mbu wamehama. Vituo vya biashara vya lugha za wenyeji, ambavyo nchini Kenya vilistawi tangu Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, vina sauti kubwa zaidi na vipindi vya kuchangamsha, lakini vimewauzia nafasi hata waganga wanaodai kuponya kila ugonjwa, na ni nadra mwenye kituo kumkatalia anayelipa.

Tanzania imeshika njia yake. Kanuni zake za utangazaji huvitaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, kwa hoja ya umoja wa taifa, ambayo mtu aliyeona yaliyotokea kwa majirani hawezi kuipuuza. Walakin katika Terrat, wilayani Simanjiro, redio ya Orkonerei ilianza mwaka 2002 miongoni mwa Wamaasai, na hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapokutana na jambo ambalo pengine hakulizoea: kwamba kwa bibi wa boma la Simanjiro, aliyezaliwa na kuzeeka katika Kimaasai, lugha hii tunayoiita yetu sote ndiyo lugha ya ofisi, ya karani na ya polisi. Naye Mdahalo wa bara ya Lamu, huko Kenya, ambaye wasemaji wa lugha yake wamebaki mia chache tu, husikiliza habari za chanjo kwa Kiswahili, na akirudi nyumbani humfasiria mama yake.